Ngeli za Mkwaruzo: Jaribio la Kuainisha Kelele za Redio Lugoba

Wanasarufi wametufundisha kwamba nomino haijulikani ngeli yake kwa sura bali kwa upatanisho: tazama kitenzi kinachoifuata, utajua pa kuiweka. Makala haya yanapendekeza kanuni hiyohiyo itumike kwa mikwaruzo ya redio. Mlio peke yake hausemi kitu. "Krrr" ya chaja na "krrr" ya radi, kwa sikio la mtu aliyechoka, ni mamoja. La kutazama ni kipi kinakwenda nao: kipi kikizimwa nao unanyamaza, kipi kikipita nao unapita.

Uwanda wa utafiti ni Lugoba, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, mkoani Pwani. Sababu za kitaaluma za kuuchagua ni tatu: malori ya kokoto hayakatiki, bodaboda ndiyo kabisa, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, kiasi cha kuifanya redio itoe jasho. Vifaa: redio ndogo ya betri yenye AM na FM, sufuria ya alumini na mfuniko wake, chaja ya simu ya bei ya mnadani, betri kavu moja, kipande cha waya, na tupa ya kunolea. Sufuria iazimwe kwa mwenye jiko, na mapema, kabla wali haujapangiwa.

Kwanza tuutoe mkwaruzo bandia. Betri zilizoanikwa juani ili zifufuke hutoa sauti ya mtu mwenye mafua, na wasomi wengi wachanga wamelaumu mawimbi kwa kosa la betri. Weka mpya, kisha tuendelee.

Jaribio la msingi ni hili. Weka redio kwenye AM, pasipo na kituo. Kandamiza kichwa cha betri juu ya tupa, ncha moja ya waya ishikwe kwenye kitako cha betri, ncha ya pili iburuzwe juu ya meno ya tupa. Usiiache itulie, waya utapata moto. Kila jino hukata umeme na kuunga, cheche huruka, na redio iliyo hatua moja pembeni hulia kwa kila mburuzo. Hapo umerudia kibarazani jambo ambalo Heinrich Hertz alilionyesha kule Karlsruhe mwaka 1887: cheche huku, dalili kule, na katikati hakuna waya. Ila cheche haina adabu ya kuchagua masafa, hujimwaga kote. Kwa lugha ya kisheria, umeanzisha kituo cha redio bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ingawa kwa bahati nzuri kinaishia mlangoni.

Ngeli ya KI-VI ndiyo yenye wanachama wengi mno siku hizi: chaja, vibulbu vya LED, vidhibiti vya sola. Chaja ya simu haiupozi umeme wa gridi kwa upole kama transfoma nzito za zamani. Huukatakata, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Tuseme mara 60,000. Basi utaukuta mlio wake kwenye kilohezi 600, ukisogeza 660, ukisogeza tena 720, na kuendelea, kwa nidhamu ambayo vituo halali huionea wivu. Chaja nzuri zina vichujio vya kuzuia balaa hili. Za mnadani aghalabu vimeachwa ili bei ishuke. Upatanisho wake ni rahisi: chomoa, sikiliza. Mkwaruzo ukibaki, chaja ni ya jirani, na hapo fizikia inakabidhi kazi kwa diplomasia.

Kabla ya kwenda kwa jirani, pata ushahidi. Ndani ya redio, antena ya AM ni fimbo ya feraiti iliyozungushiwa waya, na fimbo hiyo husikia vizuri kwa ubavu, vibaya kwa ncha. Izungushe redio taratibu mpaka mkwaruzo ufifie: ncha za fimbo zimelenga chanzo. Hamia upande mwingine wa uwanja, rudia. Mistari miwili ikikutana juu ya paa fulani, bisha hodi, salimia vizuri, ulizia afya za watoto, na neno chaja lije baadaye sana.

Barabarani ngeli hii ina kioja kinachostahili aya yake. Lori la kokoto likipita, vikombe hutetemeka kabatini na mazungumzo husimama, lakini redio haisemi lolote. Bodaboda ikipita, ndogo, abiria wawili na kuku, redio ya AM hupiga "prrrr" tangu inakuja hadi inapotea. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa mgandamizo tu, haina plagi. Ya petroli huishi kwa cheche, nayo plagi ni mtoto wa ukoo wa Hertz. Kwa hiyo orodha ya wenye kelele Lugoba, ikitungwa na redio badala ya sikio, ingewaacha madereva wa malori wakiwa watu watulivu kuliko wote.

Ngeli ya A-WA inahusu binadamu mwenyewe. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, ndiyo maana antena ya kuvuta huwa na urefu unaokaribia huo. Mwili wa mtu, pamoja na maji na chumvi zake, ni kizuizi kinachotosha kulidunda wimbi kama hilo, sembuse paa la bati. Wimbi lililokuja moja kwa moja likikutana na lililodundwa, kilele juu ya kilele, sauti hunenepa. Kilele juu ya bonde, hufa. Hatua moja inatosha kubadili hukumu. Ndipo anapopatikana yule mtoto ambaye kila nyumba ya pwani imewahi kuwa naye:

"Babu, nisimame hapa mpaka lini?"

"Mpaka mpira uishe, mjukuu wangu. Na huo mkono usiushushe."

Ngeli ya PA-KU-MU ni ya mahali, na nitaipitia haraka. FM husafiri karibu sawa na macho. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata upeo wake kwa kilomita: antena iliyo mita 100 juu ya tambarare hufika kama 41. Pembezoni mwa upeo vituo viwili vya masafa yaleyale havichanganyiki. Mwenye nguvu humeza mwenzake. Dereva anayetoka Chalinze kuelekea Segera anaweza kuanza na mawaidha na kumaliza na singeli bila kugusa kitufe.

Ngeli ya U ni ya usiku na umbali. Mchana, tabaka la chini la hewa yenye chaji huyanyonya mawimbi ya AM. Jua likizama tabaka hilo huyeyuka, na la juu zaidi huyarudisha ardhini mbali sana. Edward Appleton alithibitisha mwaka 1924 kwamba kioo hicho cha angani kipo kweli. Matokeo yake ni vituo vya nchi za mbali kupiga hodi juu ya kimoja ulichokitaka. Mkutano wa Geneva wa 1975 ulivipanga vya Afrika, Ulaya na Asia kwa nafasi za kilohezi 9, lakini viwili vikipishana kidogo, tuseme hezi 1,000, husikika mluzi wa hezi 1,000. Kabla ya redio binafsi kuruhusiwa miaka ya 1990, mluzi huo ulivumiliwa: ukiikimbia Redio Tanzania (RTD) uende wapi?

Radi iko ngeli ya I-ZI, na inafaa masika. Redio ikipiga "ka!" anza kuhesabu, kila sekunde 3 hadi ngurumo ni kama kilomita moja. Ukisikia ngurumo tu, acha utafiti, ingia ndani.

Sasa ile sufuria. Tia redio ikiwa kwenye kituo cha AM, funika: kimya. Alumini imeyafungia mawimbi nje, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1836. Tia simu, funika, ipigie: mara nyingi inaita. Wanafunzi huona sayansi imejipinga. La hasha. Kati ya mfuniko na ukingo kuna ufa mwembamba unaozunguka sufuria nzima. Kwa wimbi la simu la megahezi 900, lenye urefu wa sentimita 33, ufa huo ni mlango mrefu. Kwa wimbi la AM la mita 300 si kitu.

Imebaki redio mbao, ambayo kila mtaalamu wa Lugoba alidai iingizwe. Nimeijaribu kwa vigezo vyote. Mfuniko hauizuii, usiku na mchana kwake ni sawa, na hata uizungushe vipi haina upande inakofifia, wala chanzo kinachokubali kuwa chanzo. Haina mkwaruzo hata chembe. Tatizo ni kwamba redio ya betri hukwaruza na habari ikabaki ileile, ilhali kwenye redio mbao mtu aliyelazwa na homa Lugoba asubuhi hufika Chalinze adhuhuri, kwa sauti safi kabisa, akiwa ameshazikwa.