Jinsi ya Kuipa Ndege Yako Uhuru Kamili

Umezichoka injini za methanoli. Plagi yake ina kiwaya kinachokaa chekundu kwa joto, cheche hakuna, kelele za umeme hakuna. Raha gani hiyo? Sasa umejinunulia injini ya petroli, ndugu wa ile ya msumeno wa mnyororo, uifunge kwenye ndege yako ya mfano. Hongera. Yafuatayo yatahakikisha ndege haikutii tena.

Fahamu kwanza umebeba nini: plagi ya injini hii hufanya kazi kwa cheche. Katika miaka ya 1880 Heinrich Hertz alithibitisha mawimbi ya redio kwa kurusha cheche, na Titanic iliomba msaada mwaka 1912 kwa mtambo wa cheche. Kwa hiyo puani mwa ndege yako pana kituo cha redio kisicho na leseni. Injini ya mipigo miwili ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hupiga cheche 100 kila sekunde, na kila moja humwaga kelele kwenye masafa chungu nzima.

Waoga huacha sentimita 30 au zaidi kati ya mtambo wa cheche wa injini na risiva, ile inayopokea amri za rimoti yako. Wewe vipange ubavu kwa ubavu, vizoeane. Betri nayo iwe moja kwa vyote viwili. Ya pili ni uzito wa bure. Waya wa plagi huja umevikwa wavu wa chuma wa kuzuia kelele: uvue, utaokoa gramu kadhaa. Kofia ya plagi ilegeze kidogo, wavu wowote uliobaki usigusane vizuri na injini.

Fimbo ya kuvuta kabureta iwe ya chuma, moja kwa moja hadi kwenye mota yake ndogo. Wenye hofu hutumia ya nailoni, wakiogopa eti chuma hugeuka antena na kupeleka kelele hadi kwenye risiva. Ndivyo, na ndiyo sababu tunakitaka.

Mjuaji atakwambia rimoti za gigahezi 2.4 zimemaliza maneno. Usimbishie sana: hali ni afadhali kuliko zama za megahezi 72 kule Marekani na 35 kule Uingereza, risiva ilipoburuta waya wa karibu mita nzima. Lakini kelele hupita hata ndani ya nyaya, na nyaya unazo.

Limebaki jaribio la umbali, la kuona ndege huitii rimoti hadi wapi. Wasumbufu hulifanya mara mbili, injini ikiwa imezimwa kisha ikinguruma, na umbali ukipungua sana hawarushi mpaka wapate sababu. Wewe jaribu injini ikiwa imezimwa tu. Majibu huwa mazuri ajabu.

Basi, rusha. Ila waombe watazamaji wakae mbali: ndege ya injini ya sentimita za ujazo 50 mara nyingi huvuka kilo saba, na panga lake la mbele halimjui mwenyewe.