Anayetia Mdomo Ndiye Mwizi

Jamani, nyie! Juzi hapa kijiweni Masasi, chini ya mwembe wa muuza kahawa, kijana wa watu katoka zake Newala kuja kumsalimia shangazi yake, kaitwa mwizi mchana kweupe. Nilisonya, na leo bado nasonya.

Kosa lake nini? Anacheza sataranji kwenye simu, hiyo ambayo wenyewe vijana wanaiita chesi. Si ile ya dakika tano tano. Ni ile ya mwendo wa barua: unasogeza kete leo, mwenzio yuko mbali huko ana siku tatu za kujibu. Zamu yake ilipofika akafungua kanzidata, yaani ghala la michezo ya mabingwa, atazame waliofika pale kabla yake walicheza nini. Mzee wetu mmoja akachungulia begani kwake. "Aa-aa! Huyu anaibia! Anatazama majibu!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Mnh! Haibi yule. Sataranji ya barua ni ya zamani kuliko simu zetu zote. Watu walikuwa wanaandikiana kadi za posta, mchezo mmoja unakula mwaka, unakula miwili. Ili Mrusi aelewane na Mwajentina, wakaandika kwa tarakimu tupu: 5254, kitunda cha mbele ya mfalme kimeruka nyumba mbili. Chama chao cha dunia, ICCF, kipo tangu 1951. Sasa niambieni, mtu amekaa kwake na ubao wake na kabati lake la vitabu wiki nzima, nani atamlinda asifungue? Wakakubaliana: fungua. Leo ICCF inaruhusu hata kompyuta ikupigie hesabu, ndiyo maana huko juu karibu kila mchezo ni sare. Lichess, uwanja wa mtandaoni anakochezea kijana wetu, wao wana mpaka wao: kwenye mchezo wa mwendo wa barua, ghala la funguzi, yaani kete za mwanzo za mchezo, ruksa, kompyuta marufuku. Kijana anaijua sheria hiyo, na mpinzani wake anaijua.

Tena mngeliona daftari lake! Ghala lile lina michezo kama milioni mbili, na humo mna ya walioshinda na ya walioharibu. Ukifuata kichwakichwa unatumbukia alipotumbukia mwenzio mwaka 1974. Yeye anaandika kwa kalamu: hapa Mweusi alichelewa kuficha mfalme, hapa alikula kitunda cha mtego. Jioni nzima kwa kete moja. Huo ni wizi au ni shule?

Mezani ndiyo habari nyingine. Mkikaa uso kwa uso saa inatembea, unakuja na kichwa chako tu. Mwaka 2015 kule Dubai, Gaioz Nigalidze wa Georgia, grandmasta mzima, alikuwa hakauki chooni. Mpinzani wake akashtuka, waamuzi wakaenda kukagua, wakakuta simu imefungwa kwenye karatasi za chooni, na mchezo wake umo ndani. Akafungiwa miaka mitatu, cheo akavuliwa. Alistahili. Aliyekaa mbele yake hakukubaliana naye kucheza na mashine.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo panaponiuma. Sheria ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, inayokataza kutazama maandishi mchezo ukiendelea ni hiyohiyo, sentensi hiyohiyo, inayokataza kupewa ushauri. Ushauri! Na nani bingwa wa ushauri hapa kijiweni? Mzee wetu huyohuyo. Vizibo vya soda vikipangwa kwenye drafti, yeye yuko nyuma ya mtu: "Sukuma huyo! Mpe ale, mpe ale, halafu unaingia kingi!" Anayecheza ni mmoja, vichwa ni sita. Yule wa upande wa pili alikubaliana na nani kupigana na sita?

Mpwa wangu amekulia kwenye mdomo huo. Hapa anafunga watu wazima. Nikampeleka Newala, tukakaa na wageni karibu na Shimo la Mungu, hakuna anayemjua, hakuna wa kumtilia mdomo. Kila zamu yake anageuza shingo, anatafuta uso wa mtu. Akafungwa minne mfululizo. Mtoto ana akili, wallahi ana akili, ila hajawahi kuachwa nayo peke yake.

Basi siku ile kijana wa Newala hakubishana. Akaiweka simu mfukoni, akasema, "Shikamoo mzee, tupange drafti." Wakamkalisha mbele yake mpwa wangu. Vizibo vikapangwa, watu wakasogea. Kete ya tatu tu, mzee akakohoa, akanyoosha kidole.

Nikamwambia, "Mzee wangu, kwa heshima zote, mwache mtoto acheze."

Akanuna, akainuka na kikombe chake cha kahawa. Mpwa wangu akageuza shingo kunitazama. Nikaangalia barabarani.

Alikaa muda mrefu. Kisha akasukuma kete.