Ombi la Safu ya Nne

Kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA),
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUTANGAZIWA BEI KIKOMO YA JUA KILA JUMATANO YA KWANZA YA MWEZI

Ndugu wahusika,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba nianze na pongezi, maana nahisi barua nyingi mnazopokea huanza na lawama. Katika nchi ambayo miradi hukamilika "hivi karibuni", ninyi mna kalenda. Jumatano ya kwanza ya mwezi mnatangaza bei kikomo za mafuta, na ikigonga saa 6:01 usiku bei zimeanza kazi. Si saa sita kamili, ni saa sita na dakika moja. Wenye vituo wanaisubiri dakika hiyo, madereva wanaisubiri, na konda wa daladala huzijua bei mpya kabla ya wote, isipokuwa mwezi zinaposhuka. Mwezi huo masikio yake huwa na matatizo.

Jedwali lenu nalipenda. Lina safu tatu, yaani petroli, dizeli na mafuta ya taa, na chini yake zimepangwa wilaya za nchi nzima, kila moja kwa bandari inakotolea mzigo: Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Ukizidi kuipa bahari mgongo tarakimu zinapanda, na ukifika Kyerwa, kule Kagera, zimepanda hadi mtu anaanza kuuliza baiskeli ya marehemu babu iko wapi.

Ombi langu ni dogo. Ongezeni safu ya nne, muiandike "Jua".

Mtasema jua halina bei. Ndilo tatizo lenyewe. Kisicho na bei hakiingii kwenye jedwali, kisichoingia kwenye jedwali hakiingii kwenye bajeti, na kisichoingia kwenye bajeti hujadiliwa kwenye semina za hotelini, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Kwa hiyo nimewarahisishia kazi: nimejaribu kuikokotoa bei hiyo kwa vipengele vyenu wenyewe.

Bei ya soko la dunia: haipo. Usafirishaji: mzigo hujileta wenyewe, dakika kama nane njiani, haupiti Mlango wa Hormuz wala haujali nani kamrushia nani kombora wiki hii. Gharama za meli kuchelewa kushusha: jua halikai nangani kusubiri gati, hushusha Mbagala na Masaki kwa wakati mmoja. Upotevu wa mzigo: mawingu, hasa Aprili, naliandika hilo kwa uaminifu. Usafiri wa bara: Kyerwa mzigo hufika kama nusu saa baada ya Dar es Salaam, na hakuna lori linalodai chake. Fedha za kigeni: mtakumbuka Agosti 2023, dola zilipoadimika na mafuta yakaadimika nazo, magari yakapanga foleni vituoni. Jua liliendelea kutupiga utosini foleni nzima bila kudai hata senti ya Marekani.

Mpaka hapo jumla ni sifuri. Kisha tunafika kwenye kodi, na hapa kalamu yangu ilikwama siku nzima.

Kila lita inayouzwa kituoni imebeba abiria wengine ndani yake. Kuna ushuru wa bidhaa. Kuna tozo ya barabara, inayolisha Mfuko wa Barabara. Kuna ada ya mafuta, inayosaidia kugharamia kazi za Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Sitanii: nguzo ya umeme inayosimikwa kijijini, kwa sehemu fulani, imesimama juu ya dizeli iliyoungua mahali pengine. Sasa mtu akiniambia tunategemea mafuta kwa sababu ya injini zetu, namwonea huruma. Injini hubadilishwa. Tangi kubwa kuliko ya malori yote yaliyopanga foleni Tunduma ni Hazina, na hilo ndilo halitaki kusikia kwamba gari limepunguza ulaji. Basi la jua litaikanyaga lami ya Barabara ya Morogoro kama mabasi mengine, tena pamoja na uzito wa betri, bila kuacha nyuma shilingi moja ya tozo. Nani mle ofisini atalipenda?

Safu ya nne ingelimaliza hili bila ugomvi. Jua likishapata bei, hata iwe ndogo ya kuona aibu kuichapisha, tutakuwa na mahali pa kuiandika tozo: kwa uzito wa basi na kilomita lilizokwenda, badala ya lita lilizokunywa. Sisi abiria hatuna kinyongo na tozo. Tumelipia nyingi, na nyingine hatukuzijua majina.

Mbadala wake tumeshauonja. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, serikali ilianza mwezi Juni kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi ili lita isitumalize. Nilishukuru kama kila mtu. Ila ruzuku ile iliungua. Ilipita kwenye mabomba ya moshi pale Buguruni ikapaa, na mwezi uliofuata ikatakiwa nyingine. Sh100 bilioni za paneli zingekuwa hadi leo ziko juu ya paa, zina vumbi na kinyesi cha kunguru, lakini ziko. Nauli nayo haikusubiri: Desemba 2023 daladala ya kilomita 10 za mwanzo ilitoka Sh500 ikaenda Sh600, na sababu mnaijua maana ilitoka kwenye jedwali lenu.

Samahani, kuna jambo jingine la mafuta linalonitatiza. Lile bomba kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Wataalamu wanasema mafuta ghafi ya kule yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, hivyo sharti bomba lipashwe moto njia nzima. Sawa. Tutayabembeleza mafuta kwa joto kutoka Ziwa Albert hadi baharini, tutayapungia mkono yakiondoka, kisha tutanunua dizeli iliyosafishwa kwa wenzetu, kwa sababu TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa ikisafisha mafuta tangu miaka ya 1960, siku hizi kazi yake ni kuyahifadhi. Mimi si mchumi. Nauliza tu kama kuna anayelipasha moto jua.

Sasa mabasi, maana ndiyo hasa yaliyonisukuma kuandika.

Msiogope, siombi basi lenye paneli kichwani. Hilo waungwana wa Kiira Motors walishalionyesha Kampala mwaka 2016: Kayoola, siti 35, kilomita 80 kwa betri mbili, paneli juu ya paa. Lilipigwa picha nyingi. Nililipenda, kisha nikachukua karatasi. Basi la mwendokasi la mita 12 lina paa la mita za mraba kama 30. Jua la adhuhuri hutoa karibu kilowati moja kwa kila mita ya mraba, na paneli hunasa kama sehemu moja kati ya tano ya hiyo. Hesabu inakuja kilowati 6. Jua likiwaka vizuri, kwa siku ni uniti 30 hivi, na basi la ukubwa huo hula uniti moja na ushei kwa kilomita. Maana yake paa lake litalitoa Kimara hadi Kivukoni, na wakati wa kurudi, hata likivuka Jangwani, ambako kwa desturi huwa linasubiriwa na mafuriko, litazimika kabla ya kufika Kimara.

Paa linalofaa ni la jengo. Hekta moja ya mapaa, ukijumlisha karakana, vituo na vivuli vya maegesho, ina uwezo wa kama megawati 2. Ukiondoa vumbi, joto na upotevu wa njiani, hizo ni uniti 8,000 kwa siku, zinazotosha mabasi zaidi ya 30 yanayokwenda kilomita 200 kila moja. Kuna mapaa ya vituo kutoka Kimara hadi Kivukoni, kuna kituo cha mabasi ya mikoani pale Mbezi Luis, na kuna mabati ya masoko. Kazi yake ya sasa ni kututia joto tu.

Najua swali lenu: usiku je? Hapa nawaomba mtoke ofisini saa sita mchana mwende stendi yoyote ya Dar es Salaam. Mtawakuta madereva wamelala kwenye siti za nyuma, milango wazi, miguu dirishani. Biashara ya abiria ni ya asubuhi hadi saa tatu, kisha jioni kuanzia saa kumi. Katikati basi linakula vumbi, na katikati hiyo hiyo ndipo jua liko juu kabisa. Basi limeegeshwa, umeme uko juu ya paa, dereva anakoroma. Sijawahi kuona ratiba mbili zilizoelewana namna hii bila kamati.

Na hili haliwahitaji Hazina, ndugu zangu. Bei za umeme mnaziidhinisha ninyi wenyewe. Tangazeni bei ya mchana kwa vituo vya kuchaji mabasi, saa tano hadi saa tisa, iwe nafuu kuliko ya usiku, muone kama wenye daladala hawatajifunza hesabu za uniti kwa wiki moja. Hawa ni watu wanaojua hadi shilingi ya mwisho hesabu ya tajiri, mafuta, na kilichobaki kwa suka na konda. Kinachowatisha ni bei ya kununulia basi la umeme, na betri ndiyo mzigo wake. Nairobi wameuzunguka mzigo huo: kampuni ya BasiGo tangu 2022 imekuwa ikitoa basi huku betri na umeme vikilipiwa kwa kila kilomita inayotembewa. Mwenye gari anailipia betri kama anavyolipia dizeli, kidogo kidogo, kutoka mfuko wa konda.

Msiniambie taifa haliwezi. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inawatoa watu Dar es Salaam hadi Dodoma kwa umeme, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. (Maji ya bwawa yaliinuliwa na jua kutoka baharini, kwa hiyo hata pale tunalitumia, ila kupitia kwa dalali.) Abiria anashuka kwenye treni hiyo ya kisasa akiwa msafi, anatoka nje ya stesheni, na basi la kwanza linamkaribisha kwa moshi mweusi wa uso. Mabasi ya gesi ya Mbagala ni hatua, na gesi walau ni yetu. Lakini foleni ya kujaza gesi mmeiona.

Nimekaribia kusahau pantoni. Jimbo la Kerala, India, tangu Januari 2017 lina kivuko kinachoitwa Aditya, abiria 75, kinachoendeshwa kwa jua kwenye njia ndefu kuliko kamkondo ketu ka Magogoni. Ni kidogo na hakibebi malori, nakubali. Ila wakazi wa Kigamboni hawajawahi kulalamika kwamba chombo ni kidogo. Wanalalamika kwamba kiko matengenezo.

Kama safu ya nne itachukua muda kwa sababu za kiutaratibu, naomba jambo la kuanzia. Mwezi ujao, chini ya bei ya lita ya dizeli, chapisheni pia ni shilingi ngapi kumbeba abiria mmoja kilomita moja kwa dizeli, kwa gesi, kwa umeme wa gridi, na kwa umeme wa paa. Nambari nne tu, kwa maandishi yale yale madogo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa kusimama,
Gongo la Mboto.

Nakala:
LATRA, wapanga nauli – mwandae mapema fomu ya kushusha nauli, maana nadhani hamna.
DART, wenye mwendokasi – mhesabu mapaa ya vituo.
TANESCO – msikasirike, nyaya bado ni zenu.
Hazina – msome ile aya ya tozo mkiwa mmekaa.