Shajara ya Kedi, Limuru

Jumatatu. Trekta ya kukata nyasi imeharibika. Kando ya grini nyasi za kikuyu zinafunika viatu. Mzee ninayembebea fimbo alitaka kuuviringisha mpira hadi shimoni. Ukamezwa kabla ya nusu ya njia. Nyasi hizi asili yake ni nyanda zetu za juu, na hata kule kwenye uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, zinasumbua vivyo hivyo: vikonyo vyake vinene hukamata mpira na fimbo. Dawa ni kuuinua, utue juu ya grini ndipo uviringike.

Jumanne. Mvua usiku kucha. Mchanga wa mtego wa shimo la tisa umekuwa mgumu kama sakafu. Mzee aliulaza uso wa weji, akapiga mchanga nyuma ya mpira. Soli ikadunda, makali yakaugonga mpira tumboni, ukavuka grini na kupotelea kwenye chai. Soli ile nene, ambayo Gene Sarazen alishinda nayo British Open mwaka 1932, inapenda mchanga mwepesi. Kwenye mchanga ulioshikana, uso usilazwe sana, na fimbo ya soli nyembamba inafaa zaidi.

Jumatano. Tumbili alichukua mpira uliokuwa umetulia hatua mbili kutoka shimoni. Kanuni haina utata: mwingine unawekwa palepale, bila adhabu. Mabishano yalichukua muda. Mzee alipopiga, mpira ulipita ukingoni mwa shimo.

Alhamisi. Mazoezi. Nilitandika taulo pale mpira unapopaswa kutua. Mbwa wa mlinzi akaondoka nayo. Nikaweka kofia yangu, na mipira ikaanza kuangukia karibu nayo. Mtu anayelenga shimo hukadiria mruko na mviringiko kwa pamoja. Anayelenga mahali pa kutua hukadiria mruko tu, mteremko ukamalizia kazi.

Jumamosi. Trekta imepona, lakini imekata upande mmoja tu. Mpira wa Mzee uko upande wa pili.

"Tutue wapi?" akaniuliza.

"Pale penye alama nyeupe, Mzee. Kisha uache ushuke wenyewe."

Siku zote alianza kwa kuuliza fimbo. Fimbo ni swali la pili, kwa sababu mahali pa kutua ndipo panapoichagua. Nikampa weji. Mpira ulitua nyuma kidogo ya alama, ukasimama mbali na tulipotaka. Swali ni lilelile, na kesho baada ya ibada tutaanza nalo.