Tela Halijai

Kuna watu duniani wanasafiri na nyumba zao. Hawahami, wanafunga nyumba nyuma ya gari, yenye kitanda, jiko na choo, wanashika njia ya kaskazini ya mbali, huko Alaska, kwenye misitu ya dubu. Wanalala, wanapiga picha, wanarudi. Shemeji yangu ananionyesha picha hizo kwenye simu huku macho yakimng'aa. "Shemeji, kwani sisi hatuna tela?"

Tunalo. Ni la mjomba, linavutwa na trekta lake. Tofauti ni moja tu: wenzetu wanafunga nyumba yao wenyewe, sisi tunafunga nyumba za watu.

Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Kenya, wakahenyeka kwenye njia za Ethiopia, wakafika hadi kwenye mapiramidi. Nawapa heshima yao. Lakini katika trela zote hizo 41 sijasikia hata moja iliyosimamishwa na bibi mwenye godoro kichwani, akisema, "Wanangu, nifikishieni hili kwa mdogo wangu, si mbali."

Safari yetu ya mwisho ilikuwa ya kutoka Nachingwea kwenda Nambilanje kupitia Ruangwa. Mzigo halali ulikuwa bati za mjomba na magunia matupu, maana ufuta ulikaribia kukatwa, na ufuta haungoji mtu: ukichelewa, vitumba vinapasuka, mbegu zinamwagika, unavuna mabua. Kwa hesabu yangu, palibaki nafasi ya mtu mmoja kunyoosha miguu. Nilikwisha kumteua mtu huyo, naye ni mimi.

Hatujatoka Nachingwea, kikaletwa kitanda cha futi tano kwa sita. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa Nambilanje anakisubiri. Ruangwa mjini tukapokea viti vya plastiki vya shughuli ya unyago, madumu ya dizeli, fungu la nondo, mbuzi jike asiyetaka safari, na kijana mwenye fulana ya timu ya Namungo aliyeanza kutusimulia mechi kuanzia dakika ya kwanza. Wote walikuja na kauli ile ile: "Kamzigo kadogo tu." Na kukataa huwezi. Kwetu mwenye chombo akikataa mzigo wa jirani, habari zinafika nyumbani kabla yake, na siku akifiwa atachimba kaburi peke yake.

Kisheria tela la trekta si la kubebea abiria. Mjomba analijua hilo vizuri, ndiyo maana hana abiria; ana wasindikizaji wa mizigo. Mimi, mpwa wake wa damu, ambaye kwa mila za Kimwera ndiye mrithi, nilipangiwa kumsindikiza mbuzi.

Masika yalikuwa yamekwisha kwenye kalenda. Barabarani yalikuwa bado yapo. Kila penye tope tulishuka kusukuma, kisha tukapanda na tope letu, tukalikalia. Jioni, katikati ya pori, mahali ambapo hata mtandao umekata tamaa, pini ya tela ikakatika. Trekta likaenda zake. Sisi tukabaki tumekaa juu ya mizigo kama wajumbe waliokimbiwa na mwenyekiti. Tulipiga kelele, mbuzi akatuunga mkono. Mjomba alikuja kurudi giza linaingia, akatueleza kwamba aliona trekta limeongezeka nguvu, akadhani amepata dizeli nzuri.

Kando ya njia palikuwa na kinyesi cha tembo. Msindikizaji mmoja alikipasua kwa kijiti: ndani kilikuwa bado kinafuka, na punje za mahindi zinaonekana nzima nzima. "Cha leo hiki," akatangaza. Sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, lakini tembo hawakuhudhuria kikao cha mipaka. Wanatoka wakitaka, wanaingia mashamba ya Liwale, Nachingwea na Ruangwa, wanakula bila kuuliza bei. Watu waliokuwa hoi kwa uchovu wakawa mafundi papo hapo. Nondo moja ilichomolewa kwenye lile fungu, ikapenyezwa kwenye tundu la pini, ikapindwa kwa jiwe, ikafungwa kwa mpira wa tubu la baiskeli. Mwenye nondo alishika tochi muda wote, akiuliza nani atamlipa.

Mjomba akanifariji kwa historia. "Mpwa, Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947. Wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga na reli kutoka baharini hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, baadaye na reli ikang'olewa. Tela langu mpaka leo linatembea!"

Nikalitazama tela. Lilikuwa limesimama.

Tulifika Nambilanje usiku wa manane. Mwenye kitanda alikuwa macho. Alikizunguka na tochi, akapapasa mbao, akasema, "Mbona mmekikwaruza ubavuni?" Pole hakutoa, nauli hakuitaja. Kijana wa Namungo alikuwa dakika ya themanini na saba.

Niliamini baada ya hapo mjomba angeweka utaratibu. Ameweka. Amelitafakari suala zima kwa kina na kugundua chanzo cha matatizo yetu: tela ni dogo. Anataka la magurudumu manne, na ukoo mzima tunachangishwa. Halijanunuliwa bado, lakini kuna mtu wa Ruangwa ambaye kabati lake tayari lina nafasi.