Namna ya Kufunga Injini ya Ndege kwenye Treni ya Katanga

Malori yamejipanga Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, yamebeba vibao vya shaba vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma. Chini ya tela moja dereva anasonga bukari, yaani ugali, maana hajui zamu yake itafika lini. Foleni kama hiyo ndiyo inayozaa ndoto ya treni ya kasi. Mwongozo huu ni wa kila mwenye ndoto hiyo, hasa akiwa mheshimiwa mwenye mhuri na bajeti. Fuata hatua zote bila kuruka hata moja, na treni utaipata.

Hatua ya 1: Tafuta injini

Usiogope kuitwa mwendawazimu, wakubwa wametangulia. Julai 1966, kampuni ya reli ya New York Central ya Marekani ilichukua behewa la abiria, ikafunga juu ya paa lake injini mbili za ndege aina ya General Electric J47. Don Wetzel akaliendesha kati ya Butler na Stryker mpaka karibu kilomita 296 kwa saa. Warusi nao walitumia injini mbili za ndege ya Yak-40, behewa lao likafika takriban kilomita 250 kwa saa. Mfaransa Jean Bertin aliondoa magurudumu kabisa: Aérotrain yake ilielea juu ya hewa, na Machi 5, 1974, karibu na Orléans, ikapita kilomita 430 kwa saa. Injini, kwa hiyo, zinapatikana.

Hatua ya 2: Nyoosha njia

Wamarekani walichagua kipande cha reli kilichonyooka na kutunzwa vizuri. Bertin alijengewa njia yake ya zege ya kilomita 18. Wewe una reli ya upana wa milimita 1,067, iliyofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini. Tena inavuka mpaka Sakania. Kasumbalesa ni mlango wa malori, basi amua kwanza mzigo wa hapo utaifikiaje reli.

Kisha nenda mwenyewe ukaikague njia, usitume mtu. Simama kando ya tuta, mahali reli mbili zinapoungana, ungoje treni ya mizigo ipite. Kila gurudumu likikanyaga, angalia taruma. Likizama na kuinuka tena, na tope likaruka kutoka chini yake, ujue kokoto zimekwisha kazi na maji hayana pa kutokea. Hesabu boliti zilizobaki. Njia ya namna hiyo hulazimisha treni kutambaa, na injini yenye nguvu zaidi itaiharibu mapema tu.

Hatua ya 3: Wahamishe watu

Injini ya ndege husukuma treni kwa kutema hewa ya moto nyuma yake. Reli ya Katanga ni njia ya watu: wanafunzi hupita hapo, wauza makaa hupita hapo, nyumba ziko kando yake. Wengine wako juu ya mabehewa yenyewe. Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, mkoani Lualaba, ikiwa na mamia ya watu waliodandia kwa kukosa usafiri mwingine. Makumi walikufa. Watu hao walihitaji behewa lenye viti na treni inayokuja siku iliyotangazwa. Ukishindwa kuwapa hilo, usiwape moto.

Hatua ya 4: Lipia mafuta

Pengine utachagua njia ya busara zaidi: turbini iliyofichwa ndani ya kichwa cha treni, inayozungusha jenereta. Union Pacific ya Marekani ilivuta mizigo hivyo tangu miaka ya 1950, na vichwa vyake vikubwa vilikuwa na nguvu ya farasi 8,500. Turbini ni nyepesi kwa nguvu inayotoa, lakini ina tabia moja: hata ikiwa imesimama bila kuvuta kitu, hunywa mafuta mengi. Union Pacific iliweza kuvumilia maadamu mafuta mazito yalikuwa rahisi. Yalipopanda bei, vichwa hivyo vikastaafishwa. Sasa peleka mtambo wa namna hiyo mpakani, ungoje karatasi za forodha, huku ukivuta vumbi jekundu la kiangazi linalokula mapanga yake.

Hatua ya 5: Fanya kama Wafaransa, badili mawazo

TGV 001, mzazi wa treni za kasi za Ufaransa, ilikuwa ya turbini. Desemba 1972 ilifika kilomita 318 kwa saa. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikaruka, wahandisi wakaachana na turbini, wakatandaza nyaya. TGV iliyoanza kubeba abiria mwaka 1981 ilitumia umeme wa kilovolti 25.

Hatua ya 6: Nenda Likasi

Umeme wa namna hiyo uliwekwa kwenye reli kati ya Likasi, wakati huo Jadotville, na Tenke mwaka 1952, miongoni mwa njia za kwanza duniani kuutumia. Katanga ilikuwa na mabwawa yake, kama Mwadingusha kwenye mto Lufira, na baadaye nyaya zikaenea zaidi ya kilomita 800. Jibu walilolifikia Wafaransa baada ya majaribio ya miaka mingi, babu zetu wa reli walikuwa wakilifanyia kazi hapa, kwa maji ya hapa.

Basi, mheshimiwa, agiza vitu hivi kwa utaratibu huu: kokoto, mataruma, boliti, nyaya za shaba, na mishahara ya wanaovitunza, ilipwe kwa wakati. Shaba tunayo. Treni ikitembea kilomita 60 kwa saa bila kuanguka, ikafika siku iliyoahidiwa, italipita kila lori lililolala Kasumbalesa, na hiyo ndiyo kasi tunayostahili kuidai.