Nati Tatu za Ziada

Pikapu ya oto ikigoma kubadili gia hapa Runazi, madaktari hujitokeza kabla hujazima injini. Wa kwanza ni bodaboda, ambaye hajawahi kumiliki gari: "Hizo plagi, mzee." Wa pili anaapa ni betri. Kisha anafika fundi mwenyewe, anasikiliza ngurumo akiwa amefumba macho kama mganga, halafu anatamka: "Tushushe giaboksi."

Tushushe! Na dipstiki ya mafuta ya giaboksi haijaguswa. Kwenye pikapu nyingi za zamani ipo chini ya boneti, inasubiri tu. Injini ikiwa imepata moto na bado inanguruma, unaichomoa, unaifuta, unapima tena. Mafuta yawe mekundu, safi. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zinalika. Yakipungua, presha haitoshi kuzibana hizo klachi: injini inapiga kelele, gari limebaki palepale na mikungu yake ya ndizi. Zipo pia solenoidi, vali ndogo za umeme. Waya wake ukikatika, kompyuta ya gari inaweza kung'ang'ania gia moja. Mashine ya kusomea hitilafu mara nyingi hukuelekeza kwa mkosaji kabla chai haijapoa. Lakini mashine haina makelele ya nyundo, na mteja asiposikia nyundo huona amelipia hewa.

Giaboksi yangu ilishushwa. Siku nne ililala juu ya turubai, vipande vimeanikwa kama dagaa. Ilipofungwa, zikabaki nati tatu.

"Usijali, bosi," fundi akanituliza. "Wajapani huwa wanazidisha."